Mbwa hewa: mnayoyaamini kuhusu programu za vituo vya wanyama, na ukweli wake

Juzi nimepigiwa tena simu ile ile. Mkoa mwingine, sauti nyingine, maneno yale yale: "Dokta, programu tumeshapata. Sasa tunatafuta binti wa kompyuta awe anakuja kila Ijumaa kutuingizia data."

Mimi si dokta. Ni bwana mifugo niliyeweka sindano chini nikaanza kuzunguka kwenye vituo vya kuokoa mbwa, paka na punda, nikiwafungia watu programu za kumbukumbu. Hilo la udokta nimeacha kusahihisha. La binti wa Ijumaa siwezi kuliacha, maana limeshaniharibia kazi katika vituo vingi kuliko kukatika kwa umeme.

"Kuingiza data ni kazi ya ofisini"

Programu zote za kituo, iwe ASM (Animal Shelter Manager), Shelterluv au PetPoint, zina uti wa mgongo mmoja: mnyama anaingia, anahamishwa banda, anatibiwa, anatoka. Kila tukio lina tarehe na lina mtu aliyelifanya. Ripoti, fomu za kuasili, picha za tovuti, orodha ya chanjo, vyote vinaning'inia hapo. Mkijaza siku nne baadaye kutoka kwenye vikaratasi na kumbukumbu za kichwani, mnachoingiza ni simulizi ya wiki. Na kompyuta haibishani na simulizi. Inazipokea tarehe mlizoipa, inapiga hesabu, inawarudishia uongo uliochapwa vizuri.

Kituo kimoja, sitakitaja, waliniambia asubuhi kwamba wana mbwa 61. Nikachapa orodha, nikamwomba mzee anayehudumia mabanda tutembee naye. Shikamoo, marahaba, akavaa gambuti zake tukaanza banda la kwanza. Mimi nasoma jina, yeye ananionyesha kwa kidole. "Bruno?" Huyo. "Chui?" Huyo, mwenye sikio bovu. "Malaika?" Kimya. "Malaika alishaondoka, mwanangu. Walimchukua wale wa gari jeupe."

Tulipomaliza, mbwa waliokuwa kwenye orodha na pia mbele ya macho yetu walikuwa 48. Waliobaki 13 walikuwa mbwa hewa. Sisi tuliosikia habari za wafanyakazi hewa tunajua hasara yao, na mbwa hewa hawana tofauti: wanakula bajeti ya chakula, wanapangiwa chanjo, wanajaza mabanda kwenye ripoti. Wanane walishapata nyumba, fomu zao zikiwa kwenye faili la plastiki zinasubiri Ijumaa. Watatu walishakufa. Mmoja alitoroka. Na mmoja alikuwa mbwa yule yule aliyesajiliwa mara mbili, mara Simba, mara Tobi, kwa sababu zamu ya usiku na zamu ya mchana kila moja ilimpa jina lake.

Hao walinichekesha. Walionitoa jasho ni wawili waliokuwepo bandani lakini hawamo kwenye orodha kabisa. Mmoja alikutwa amefungwa kamba getini usiku wa kuamkia siku ile. Wa pili, mzee akaniambia kwa sauti ya kawaida tu huku akisukuma maji kwa fagio: "Huyu kaletwa Jumanne. Kamuuma mtoto wa jirani yake."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Mbwa aliyeuma mtu anawekwa chini ya uangalizi siku 10 kuanzia siku ya kuuma. Akiwa mzima hadi mwisho wa siku hizo, ina maana hakuwa anatoa virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate wakati ule. Ndani ya siku hizo hatoki, hachezewi, hachukuliwi na mtu. Programu zinaweza kumwekea alama nyekundu na kuhesabu zenyewe. Lakini mbwa huyu kwenye kompyuta alikuwa bado hajazaliwa, na kijana wa kujitolea alikuwa ameshika mkanda anataka kumtembeza. Kilichomwokoa ni mzee, na kama zamu ile mzee angekuwa kliniki na mke wake sijui ingekuwaje. Kuhusu mtoto, hilo halisubiri programu wala siku 10: jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo mabosi huamka. Watoto wa mbwa vituoni wanarudiwa chanjo kila wiki mbili hadi nne mpaka wafikishe wiki 16 au zaidi. Programu inatoa kila asubuhi orodha ya wanaostahili siku hiyo. Sasa, mmechanja Jumatatu na mtaingiza Ijumaa. Jumatano zamu nyingine inafungua orodha, inaona majina yale yale yamegeuka rangi ya kuchelewa, inafungua friji. Dozi imekwenda mara mbili. Halafu nasikia eti programu inapoteza chanjo.

Na mabanda. Kila bosi ninayekutana naye anataka kujenga mabanda mapya. Hesabu yake ni nyepesi: mbwa mlionao siku ya kawaida ni sawa na wanaoingia kwa siku mara siku anazokaa mmoja. Wakiingia 3 kwa siku na kila mmoja akikaa siku 20, mna mbwa 60. Shusheni siku zifike 15, mna 45, na hamjanunua mfuko hata mmoja wa saruji. Ila ili mzishushe lazima mjue zinapotelea wapi. Kituo kile cha mbwa hewa kilikuwa kinaandika maombi ya fedha za ujenzi. Tulipokaa na tarehe za kweli kwa mwezi mmoja, tukakuta mbwa waliokwishapona walikuwa wanakaa siku 6 wakisubiri kufungwa kizazi, kwa sababu daktari wa upasuaji alikuja Jumanne tu na hakuna aliyempa orodha kabla.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanaonijua wameuchoka: simu apewe anayefungua geti. Simu janja ya bei ya chini, imefungwa kamba, inaning'inia mapokezi. Mnyama akiingia anaandikiwa vitu vinne tu: picha, tarehe, banda, sababu ya kuletwa. Rangi ya macho, uzito na historia ya mwenye mbwa vitafuata. Ingieni kwenye mipangilio mzime sehemu zote za lazima zilizobaki, maana fomu yenye visanduku 30 ndiyo inayozaa kikaratasi, na kikaratasi ndicho kinachomzaa binti wa Ijumaa. Nilipomwambia mzee wa gambuti, akanijibu kompyuta haijui. Nikamuuliza pesa za nyumbani anatumaje. Kwa simu. Picha za mjukuu? Kwa simu. Alasiri ile alisajili mbwa watatu, na mmoja alimpiga picha nzuri kuliko za msemaji wa kituo.

Halafu jioni, saa kumi na moja, mnahesabu. Orodha mkononi, banda kwa banda, dakika 15. Idadi ya kwenye skrini isipolingana na ya kwenye mabanda hamwendi nyumbani mpaka ilingane. Nikiambiwa hakuna muda wa kuhesabu, sifungi programu. Nafunga begi langu.

"Ya bure ni bure", na ndugu yake, "ya bei kubwa ya Marekani ndiyo bora"

ASM ni programu huria chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Unaweza kuipakua na kuifunga kwenye mashine yako bila kulipa senti, au ukalipa uwekewe na kutunziwa kwenye seva yao. Hiyo ya kwanza inaitwa ya bure na watu wasiowahi kuamka usiku kwa ajili ya seva. Nani anatengeneza nakala rudufu? Zinakaa wapi, kwenye mashine ile ile itakayoungua radi ikipiga? Kama hamna jibu, lipieni.

Za bei kubwa nazo zimejengwa kwa soko la Marekani. Zinauliza jimbo na namba ya posta, zina aina mia za mbwa wa Ulaya, na mbwa wetu wa kienyeji mnamtafuta mpaka basi. Hayo yanarekebishika. Angalieni tarehe kwanza. Marekani mwezi unatangulia siku, kwa hiyo 04/03 kwetu ni tarehe 4 mwezi wa tatu, na kwao ni Aprili 3. Kituo kimoja walitumia siku kadhaa hawajui, mpaka walipoingiza chanjo ya tarehe 13 na mashine ikawakatalia, wakadhani imeharibika. Badilisheni mpangilio huo siku ya kwanza kabla ya kumsajili hata paka mmoja.

"Tuhamishe kila kitu tangu kaunta buku ya kwanza"

Msihamishe. Waingizeni wanyama waliopo leo, mkiwahesabu kwa miguu, pamoja na walioasiliwa miaka ya karibuni wenye chipu, ile punje yenye namba inayowekwa chini ya ngozi. Kaunta buku za zamani ziwekwe mahali pakavu. Hakuna atakayeuliza habari za paka wa 2009, na akiuliza mtafungua buku.

Kwenye hizo za chipu kuna mtego wa Excel ambao nimeuona mara nyingi mno. Namba ya chipu ya kiwango cha ISO ina tarakimu 15. Ukiiandika kwenye kisanduku cha kawaida, Excel inaifupisha iwe kitu kama 9.85E+14. Ikiwa bado ndani ya Excel tarakimu zipo, zimefichwa tu. Ukihifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, ili uingize kwenye programu, inahifadhi kile inachokionyesha. Mbwa wenu wote wenye chipu za kampuni moja wanageuka mbwa mmoja, na faili la awali mmeshalifuta. Fanyeni safu ile iwe ya maandishi kabla hamjaandika namba ya kwanza.

"Chipu itatuonyesha mbwa alipo"

Haina betri, haina GPS. Ni punje ndogo kama ya mchele chini ya ngozi, inayotoa namba pale tu kisomeo kinapopitishwa sentimita chache juu yake. Namba hiyo ikiwa haijaunganishwa na jina na simu ya mtu kwenye rejista, ni namba tu. Waliowauzia vinginevyo wawarudishie pesa.

"Bila intaneti haifanyi kazi"

Ya kwenye seva ya mbali, ndiyo, inahitaji bando. Ila kiasi kinachotumika kusajili mbwa na picha yake ni kidogo kuliko video mbili anazotazama mlinzi usiku. ASM ikifungwa kwenye mashine ya hapo hapo inatumika kwa Wi-Fi ya ndani ya uzio hata mtandao wa nje ukizimika. Umeme ukikatika kabisa, wekeni fomu ya karatasi yenye sehemu zile zile nne. Inaingizwa umeme ukirudi. Umeme ukirudi, nimesema, sikusema Ijumaa.

"Sisi ni familia, nywila moja inatutosha"

Familia nzuri. Sasa mbwa amebadilishiwa rekodi kutoka "haruhusiwi kuasiliwa" kwenda "yupo tayari", na jina la aliyebadilisha ni "ofisi". Kila mtu awe na akaunti yake na aone kinachomhusu. Mhudumu wa mabanda hahitaji kuona namba za simu za wafadhili.

Na kwenye hizo namba za simu wengi bado wamelala. Mtu akichukua paka anawaachia jina, simu, mahali anapoishi, pengine na namba ya kitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote mbili zinagusa hata kupeleka taarifa nje ya nchi, na seva ya programu yenu huenda ipo nje. Ulizeni ilipo, ombeni ridhaa kwenye fomu ya kuasili kwa Kiswahili kinachosomeka, na msimwachie mtu wa kujitolea apakue orodha nzima kwenye simu yake ili awatumie watu salamu za sikukuu. Hilo limetokea, na waliotumiwa hawakufurahi.

Neno moja la kumwuliza muuzaji kabla hamjasaini: "Tukitaka kuondoka, tunatokaje na rekodi zetu?" Wote watasema ni rahisi. Ombeni wiki ya kwanza, mkiwa na wanyama 40 tu, wawape faili zima, pamoja na picha na vyeti vya chanjo, mlifungue wenyewe.

Yule aliyenipigia juzi nimemwambia nitafika Jumatatu na binti asitafutwe kwanza. Nikamwomba jina la anayefungua geti saa kumi na mbili asubuhi, nimtafute mapema. Akanyamaza kidogo, akasema hana hakika, ataulizia.