Acheni kuhesabu nguvu: dhana potofu kuhusu usimulizi wa Dragon Ball

Kazi yangu ni kusoma miswada ya vijana wanaotaka kuandika katuni za mapigano, na kuwarudishia ikiwa imejaa wino mwekundu. Wengi wao wamekua na Dragon Ball, katuni ya Kijapani (manga) ya mpiganaji aitwaye Goku. Hilo halinisumbui, aliyejifunza kwa Akira Toriyama, mwandishi wake, hakukosea mwalimu. Kinachonichosha ni yale wanayodai wamejifunza kwake. Ukurasa wa tatu shujaa ana nguvu 5,000, wa kumi ana 80,000, na mwishoni limebandikwa jedwali la nani anamzidi nani. Nikiuliza sababu, jibu halibadiliki: "Mwalimu, si ndivyo Dragon Ball inavyofanya?" Sivyo.

Dhana: Utamu wa Dragon Ball ni nguvu kupanda

Tuanze na hizo namba zenyewe, maana wanaozipenda ndio wasiozitazama vizuri. Manga ilianza kuchapwa katika jarida la Weekly Shonen Jump mwishoni mwa 1984. Skauta, kile chombo cha kuvaa jichoni kinachosoma nguvu ya mtu, kinaingia na Raditz, adui kutoka sayari nyingine, katika sura ya 195. Maana yake sura 194 zimepita, watu wamepigana, wamekufa, wamelia na kuchekesha, bila mtu kutaja namba ya nguvu.

Ndani ya sura hizo Goku anaingia mashindano ya Tenkaichi Budokai mara tatu. Mara ya kwanza anashindwa fainali na Jackie Chun, ambaye ni mwalimu wake mwenyewe, Mzee Roshi, aliyevaa wigi na kujipa jina la uongo. Wanarukiana teke kwa pamoja, wote chali, na mzee anawahi kuinuka. Kwa nini? Miguu yake ni mirefu kuliko ya mtoto, teke lake lilifika sawasawa. Basi. Na Roshi aliingia ulingoni kwa kusudi moja tu, Goku na mwanafunzi mwenzake Krillin wasije wakajiona wamemaliza kujifunza. Mara ya pili Goku anashindwa na Tenshinhan: uwanja umeshabomolewa, wote wanaporomoka kutoka angani, na Goku anagonga gari lililokuwa likipita chini, akatangulia kugusa ardhi. Mara ya tatu ndipo anashinda, tena mbele ya Piccolo aliyekuja kulipiza kisasi. Shujaa kashindwa fainali mbili, zote kwa jambo ambalo msomaji analiona kwa macho yake. Urefu wa mguu. Gari barabarani. Niambieni ni namba gani ingeifanya kazi hiyo.

Haya, twende kwenye namba. Raditz anatua na kumsoma mkulima mwenye bunduki: 5. Anamsoma Piccolo, 322, na Goku, 334. Wanavua nguo zao nzito za mazoezi, wanafika 408 na 416. Raditz hashtuki. Kisha Gohan, mwana wa Goku mwenye miaka minne, anachomoka ndani ya chombo alichofungiwa, hasira zimempanda, na skauta inasoma 1,307. Tazama namba ilivyotumika hapo: imewekwa ili ije ikosee. Chombo kinasoma nguvu ya sasa hivi tu. Hakijui kwamba mtu anaweza kuificha, kuikusanya yote kwenye ncha ya vidole, au kupasuka kwa uchungu akiona baba yake anaumizwa. Raditz anaiamini mashine. Sisi tunamtazama mtoto. Ndipo roho inapokaa mkononi.

Safari ya sayari ya Namek ndiyo sehemu ninayowalazimisha wanafunzi waisome mara mbili, na simaanishi pambano la Frieza. Namaanisha kabla yake. Pande tatu zinawinda mipira saba ya kuita joka linalotimiza matakwa: Frieza na jeshi lake, Vegeta peke yake, halafu Gohan, Krillin na Bulma, ambao hawana ubavu wa kusimama mbele ya yeyote kati ya hao. Kwa hiyo wanajificha. Wanaiba, wanadanganya, wanapatana na Vegeta waliyetaka kumuua siku si nyingi zilizopita. Vegeta anauficha mpira mmoja chini ya maji na kujiona mjanja. Gohan anaufuata kwa rada na kuuchukua. Kila hatua inazaliwa na udhaifu wa mtu. Ukimpa Krillin nguvu za kumpiga Frieza, sura zote zile zinafutika, maana hana tena sababu ya kujibanza nyuma ya jiwe.

Baadaye Frieza anajitangaza kuwa na 530,000, na akibadilika umbo, zaidi ya milioni moja. Hizo ndizo namba ambazo vijana wangu wamezikariri. Hakuna anayekumbuka iliyofuata. Trunks, kijana mwenye upanga, anapotokea duniani baada ya Namek, askari mmoja wa Frieza anamsoma kwa skauta na kupata 5. Ni ile ile ya mkulima! Muda mfupi baadaye askari wote wamekufa na Frieza amekatwa vipande kwa upanga. Hapo mwandishi anaizika skauta mbele ya macho yetu huku anacheka, na tangu siku hiyo namba za nguvu karibu zinatoweka kabisa kwenye manga. Aliyekibuni kipimo alikitupa. Ninyi bado mnakibeba mgongoni.

Sisemi nguvu hazipandi. Zinapanda, na hapo ndipo hadithi ilipojeruhiwa vibaya kuliko mahali pengine popote. Kila adui akimzidi wa jana, asiye Saiyan, yaani wa kabila la wapiganaji la Goku na Vegeta, anageuka mtazamaji. Tenshinhan, aliyemshinda Goku ulingoni, anabaki kusimama kando akieleza pambano la wengine. Yamcha hata sisemi. Chi-Chi aliingia mashindano ya tatu kama mpiganaji, akaolewa, na kazi yake ikawa kugomba ili mtoto asome. Launch alitoweka kabisa. Toriyama alikiri kwamba alimsahau. Kumbuka Yajirobe, mlafi na mwoga, alivyomkata Vegeta mkia kwa upanga na kubadilisha pambano zima: matukio ya aina hiyo yanakuwa adimu sana baadaye. Kifo nacho kikapungua uzito. Krillin anapouawa Namek, uchungu wa Goku unatokana na sheria: alishakufa mara moja, na Shenron, joka la duniani, hafufui mtu yule yule mara ya pili. Sheria nzuri. Kisha linapatikana joka la Namek lisilo na masharti hayo, na msomaji anajifunza kutolia.

Ajabu ni kwamba mwisho kabisa Toriyama alirudi kwenye ustadi wake wa zamani. Ili Buu, adui wa mwisho, ashindwe, Goku anahitaji nguvu za watu wote wa dunia. Vegeta anawaomba, wanakataa. Anayewashawishi ni Mr. Satan, tapeli asiyeweza hata kuruka, kwa sababu uongo wake wa miaka yote umemfanya awe mtu pekee wanayemwamini. Nikisema hivi darasani, kuna anayeuliza Mr. Satan ana nguvu ngapi.

Ushauri wangu, ambao wamechoka kuusikia, ni huu: kabla hujachora pambano, andika kwa sentensi moja kile ambacho kila mpiganaji anajua na mwenzake hajui. Ikikosekana sentensi, futa pambano.

Dhana: Toriyama alikuwa amepanga yote tangu mwanzo

Hapana. Aliandika wiki kwa wiki, mara nyingi bila kujua wiki ijayo itakuwaje. Mfano ulio wazi ni watu-mashine. Walipotokea wawili wanaoitwa namba 19 na 20, mhariri wake wa zamani, Kazuhiko Torishima, ambaye wakati huo hakuwa tena na dhamana ya kazi hiyo, alilalamika kwamba maadui wenyewe ni mzee na mnene. Wakaja 17 na 18. Akalalamika tena: hawa nao watoto. Akaja Cell, na mhariri aliyekuwa kazini, Yu Kondo, hakulipenda umbo lake la kwanza, wala la pili.

Wanaosimulia kisa hiki hukisimulia kama aibu. Mimi hukifundisha kama ufundi. Angalia alivyoyafunika marekebisho yake: Trunks, aliyetoka wakati ujao, anawaona 19 na 20 na kusema hawa sio ninaowajua. Lalamiko la mhariri limegeuka fumbo ndani ya hadithi. Kisha inapatikana mashine ya pili ya kusafiria wakati, imechakaa, ina tundu juu, na ganda la yai ndani. Msomaji anaogopa kabla hajamwona adui. Msiige kutopanga, igeni namna alivyolipa madeni yake.

Dhana: Zile "dakika tano" za Namek zinathibitisha kuwa studio haikujua kusimulia

Frieza anasema sayari italipuka baada ya dakika tano, na tunatazama karibu vipindi kumi. Ni kasoro, hakuna wa kuitetea. Lakini jueni ilikotoka. Sura ya manga ilikuwa na kurasa kama 15 kwa wiki, kipindi cha televisheni kinahitaji dakika zaidi ya 20, na vyote viwili vilikuwa vinatoka kwa wakati mmoja. Dragon Ball Z, anime (katuni ya televisheni) iliyorushwa kati ya 1989 na 1996, iligeuza sura 325 kuwa vipindi 291. Studio yake, Toei, ilikuwa inamkanyaga mwandishi visigino, ikalazimika kunyoosha: macho kwa macho, upepo, wingu, kelele za kukusanya nguvu, na vipindi vya kujazia. Toleo lililofupishwa la Dragon Ball Kai, lililoanza 2009, lilipunguza vipindi 194 vya kwanza hadi 97 na hadithi haikupoteza kitu cha maana.

Hata hivyo si kila cha kujazia ni takataka. Kile cha Goku na Piccolo kwenda kujifunza udereva ni kichekesho safi, na kinamjenga Piccolo kuliko mapigano yake kadhaa. Garlic Jr. mnaweza kumruka.

Anayetaka kujifunza mwendo wa pambano asome manga. Jicho linajua nani yuko wapi, katoka upande gani, kapigwa na kuangukia wapi. Kwenye anime sehemu kubwa ya hilo imezama kwenye mistari ya kasi.

Dhana: Goku ni baba mbovu, kwa hiyo ameandikwa vibaya

Sehemu ya kwanza naweza kuijadili. Ya pili haifuati. Kwenye mashindano ya Cell, Goku anampa adui haragwe la senzu apone, kisha anamsukuma mwanawe mbele. Piccolo anamkemea pale pale: Gohan hawazi vita, anawaza kwa nini baba yake hamwokoi. Hadithi imeiona kasoro ya mhusika na kumweka mtu wa kuisema. Toriyama mwenyewe hakufurahishwa na jinsi anime ilivyomfanya Goku mtetezi wa haki. Wake ni mtu anayependa kupigana, basi.

Dhana: "Zaidi ya 9,000!"

Ni kilio maarufu cha Vegeta akisoma nguvu ya Goku kwa skauta. Kwenye manga na kwa Kijapani ni zaidi ya 8,000. Namba ilibadilishwa katika tafsiri ya Kiingereza. Ndiyo, mmekuwa mkibishana miaka yote juu ya namba ambayo mwandishi hakuiandika.

Dhana: Dragon Ball GT ni mwendelezo wa Toriyama

Vipindi 64, 1996 hadi 1997, hadithi ya Toei. Toriyama alitoa jina, nembo na michoro ya baadhi ya wahusika wakuu. Hakuna manga yake nyuma yake. Kwa hiyo anayeniletea Super Saiyan 4, umbo la Goku la GT, kama ushahidi wa namna Toriyama alivyojenga hadithi, ajue muswada wake unarudi bila wino wowote, kwa kuwa sikuufungua.