Sindano za kupunguza uzito: kutapika si mafuta kutoka

Ni sindano gani hizi?
Semaglutaidi na tirzepataidi. Unachoma mara moja kwa wiki. Hamu ya kula inapungua na chakula kinachelewa kutoka tumboni.

Mbona natapika?
Tumbo bado lina chakula, nawe unaongeza kingine. Hutokea zaidi mwanzoni na kila dozi inapopanda. Semaglutaidi ya kupunguza uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, ndipo inaongezwa. Wapo wanaoruka hatua ili wawahi harusi. Tafadhali, acheni.

Lakini si ndiyo mafuta yanatoka?
Hapana. Yanayotoka ni maji na chumvi. Mama mmoja alitapika siku 4 akishangilia mizani. Alipofika kwetu kliniki midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hakuwa amepungua mafuta, alikuwa amekauka, na figo ndizo huumia.

Nivumilie siku ngapi?
Usihesabu siku. Kama kila unachokunywa kinarudi, au hujakojoa tangu asubuhi hadi jioni, au ukisimama unaona kizunguzungu, njoo leo hii. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, njoo hata usiku: huenda ni kongosho limevimba. Na anayetumia pia insulini au glibenklamidi (dawa za kisukari) asingoje kabisa, sukari inaweza kushuka ghafla.

Nyumbani nifanyeje?
Kula kidogo, acha kabla hujashiba. Chipsi mayai za Mwanjelwa, hapa Mbeya, weka kando. Hata parachichi la Rungwe lina mafuta, kata kipande tu. Uji mwepesi, ndizi za kuchemsha, wali mkavu kidogo. ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kwa kunywa funda dogo dogo. Juni na Julai baridi ya Mbeya inaficha kiu, kwa hiyo kunywa hata kama husikii kiu.

Nikiacha sindano, nitapona leo?
Si leo. Semaglutaidi huchukua kama wiki moja kupungua nusu tu mwilini. Ndiyo maana nasema: usijichome nyingine huku unatapika, na usisubiri iishe yenyewe. Njoo na boksi la dawa, hata kama uliinunua mtandaoni. Hatukugombezi, tunataka kuona ni dawa gani na dozi gani. Na kama huenda una mimba, sema mapema.