Kizibo cha sikio kinachochungulia nje

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye karakana moja ya mbao. Mashine ya randa ilinguruma hadi mtu aliye hatua moja mbele yako ulilazimika kumpigia kelele. Fundi aliyekuwa akiiendesha alivaa vizibo vya sponji, lakini nusu nzima ilichungulia nje ya sikio. Nikamwashiria tutoke.

"Fundi, hebu nionyeshe unavyoviweka."

Akakisukuma kimoja kwa kidole gumba, basi. "Hivi hivi tu, dada. Siku zote."

Tukaanza upya, na kunawa mikono kwanza. Kisokote kizibo hadi kiwe chembamba, bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma. Tundu la sikio limepinda, ukivuta hivyo linanyooka. Kiingize upesi kabla hakijatanuka, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30. Sasa ongea: sauti yako mwenyewe inakuwa nzito, kama uko ndani ya pipa. Rudi kwenye kelele, uzibe masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo hakijakaa. Yeye alipatia mara ya tatu.

Wanaovaa vifuniko vya masikio vya kuvaa kichwani wana tatizo jingine: miguu ya miwani, kofia au ushungi vikipita chini ya mto wake, sauti hupenya kwenye mwanya huo.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kuvuavua. Kila desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda salama unapungua nusu: saa 8 kwenye desibeli 85, saa 4 kwenye 88, dakika 15 tu kwenye 100. Kwa hiyo kinga ya kupunguza desibeli 30, ukiivua nusu saa tu ndani ya zamu ya saa 8, inakupa kinga ya kama desibeli 12 tu. Nusu saa hiyo ni simu mbili tatu na kumwita msaidizi! Toka kwenye kelele kwanza, ndipo uvue.

Tukiagana, fundi akaniambia usiku husikia mlio masikioni, kama nyenje. Seli za kusikia zikishakufa hazioti tena, kwa hiyo nilimwomba asisubiri: akapimwe usikivu wiki hii hii, na mwenye karakana nikamwomba ampe ruhusa.