Jiwe ndani ya kofia: Joseph Smith kabla hajawa nabii

Nasomesha historia ya dini, na nikifika kwa Wamormoni, kanisa lililoanzia Marekani, lazima mtu aniulize, sasa huyu Joseph Smith mwanzilishi wao alikuwa mganga au nabii? Swali limekaa vibaya. Kule mashambani New York miaka ya 1820 hivyo vitu havikuwa na ukuta katikati, mtu anasali na familia yake jioni halafu usiku yuko porini na wenzake anachora duara kuzuia pepo anayelinda hazina.

Joseph alianzia hukohuko. Mwaka 1822 wakichimba kisima kwa jirani, Willard Chase, likatoka jiwe dogo la kahawia kama yai hivi. Analiweka ndani ya kofia, anazamisha uso mpaka mwanga usiingie, anakwambia kitu kilichopotea kiko wapi. Sifa zikasambaa, na 1825 mzee Josiah Stowell akamchukua wakatafute fedha ya Wahispania kule Harmony, Pennsylvania. Hawakupata kitu (hazina za aina hii zina tabia ya kuzama chini zaidi ukikaribia, ndo maelezo ya wachimbaji wote wa zama zile) na 1826 akafikishwa mbele ya hakimu kwa huo uaguzi wake. Ila hukohuko Harmony ndiko alikompata Emma Hale, baba mtu akakataa katakata kuozesha binti kwa mpiga ramli, wakatoroka wakaoana Januari 1827.

Septemba mwaka huohuo akasema amepewa mabamba ya dhahabu, yalikuwa yamefukiwa kilimani, yana malaika mlinzi, na kila mwaka alikuwa anaenda tarehe ileile anaambiwa bado. Nyie wenyewe si mnaona, ni hadithi ileile ya hazina na mlinzi wake! Na kutafsiri maandishi ya mabamba, yaani Kitabu cha Mormoni, je? Emma na David Whitmer, mmoja wa wafuasi wa mwanzo, wote walisimulia: jiwe ndani ya kofia, uso ndani, anatamka, mwandishi anaandika. Michoro ya kanisa miaka mingi ilimwonyesha anasoma bamba kwa kidole, picha za jiwe lenyewe kanisa limezitoa 2015.

Mimi kinachonivutia zaidi ni karani wake, Oliver Cowdery, naye alikuwa na fimbo ya kuagulia. Ufunuo alioutoa Joseph 1829 uliisifu kabisa kwamba ni kipawa kutoka kwa Mungu, na ulivyochapwa 1833 fimbo ilikuwemo. Toleo la 1835 fimbo haipo, pameandikwa “kipawa cha Haruni”.