Akili Unde Imeshaingia Ofisini Mwako, ila kwa Mlango wa Nyuma

Mkurugenzi wa kampuni moja ya vipuri vya magari hapa Industrial Area, Nairobi, aliniita nizungumze na wakuu wake wa idara kuhusu kuleta akili unde kazini. (Wengine huiita akili mnemba. Tusigombane kwa jina.) Nilifika mapema, mkutano ukachelewa, nikaketi karibu na dawati la wateja. Binti aliyekuwa pale alikuwa akijibu malalamiko, na kila mara aliteremsha simu chini ya meza, akaandika kidogo, akangoja, kisha akanakili jibu kwenye kompyuta. Nilipomuuliza alicheka kwa haya. "Mwalimu, hii isifike juu." Kwenye kioo cha simu niliona lalamiko zima alivyolibandika kwenye programu ya akili unde: jina la mteja, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na ujumbe wa M-Pesa vile vile ulivyoingia.

Nusu saa baadaye, ghorofa ya tatu, mkurugenzi akafungua mkutano kwa kuuliza, "Sasa, tuanze lini?"

Alikuwa ameshaanza bila kujua. Mimi hufundisha mameneja, na karibu kila ninakokwenda Nairobi hali ni hiyo hiyo. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu unachoiandikia, ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, teknolojia hii haikungoja zabuni wala fundi wa kuja kuifunga. Iliingia mfukoni mwa wafanyakazi. M-Pesa nayo ilikuja hivyo: ilizinduliwa Machi 2007, na kabla nambari za till, zile za kulipia biashara, hazijaenea, muuzaji wa kawaida alipokea malipo kwenye simu yake mwenyewe, pesa za duka na za karo ya watoto zikilala pamoja.

Basi kazi ya kwanza ya kiongozi ni kuitoa chini ya meza. Kupiga marufuku ndilo wazo linalowajia wengi. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu hizi baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo wa siri wa programu za kampuni. Samsung ina uwezo wa kuunda chombo chake cha ndani. Kampuni ya watu arobaini ikitangaza marufuku, simu itateremka chini zaidi tu. Mimi hushauri bosi atoe wiki mbili za msamaha: kila mtu aseme anatumia programu gani, kwa kazi ipi, na anaweka nini humo, bila mtu kuandikiwa barua ya onyo. Mtashangaa. Mhasibu ana njia zake, stoo wana zao.

Orodha hiyo ikishapatikana, iwekeni mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kampuni ndiyo inayojibu kuhusu data ya mteja, hata kama aliyeibandika ni karani. Data hiyo ikivuja na mteja akawa hatarini kudhurika, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Kifungu cha 35 nacho kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kwa hiyo ukiwa na sako ya kukopesha, ombi la mkopo lisikataliwe na kompyuta halafu pasiwe na binadamu wa kuulizwa.

Na msidhani mtaitupia mashine lawama. Nchini Kanada, mashine ya maongezi (chatbot) ya shirika la ndege la Air Canada ilimdanganya mteja aliyefiwa kwamba angeweza kudai punguzo la nauli baada ya kusafiri. Shirika lilijitetea kwamba mashine hiyo ni kama chombo kinachojisimamia. Februari 2024 baraza la usuluhishi likakataa hoja hiyo na kuliamuru limlipe.

Ndiyo maana huwaambia watu waijaribu kwa maneno ya wateja wao halisi kabla ya kuiruhusu ijibu yeyote. Mteja wa Nairobi haandiki kama kitabu. Ataandika, "Nilituma thao tano na soo mbili jana na mzigo haijafika." Je, mashine yako inajua hizo ni shilingi 5,200? Kusanyeni ujumbe mia moja wa namna hiyo, mfute majina na nambari, muone inakosea wapi. Ni kazi ya siku mbili, haigharimu chochote.

Lakini kule Industrial Area jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine. Binti yule alikuwa sasa anajibu lalamiko kwa dakika mbili. Pesa za mteja, hata hivyo, zilirudi baada ya sahihi nne, na mwenye sahihi ya mwisho huja ofisini Jumanne tu. Mteja akajibiwa upesi, kwa lugha tamu, kisha akaandika tena Alhamisi akiwa na hasira maradufu. Viwanda vya Marekani vilipitia haya mwishoni mwa karne ya 19: vilitoa injini ya mvuke vikaweka mota moja kubwa ya umeme mahali pale pale, mikanda na mihimili ikabaki ilivyokuwa, na faida haikuonekana sana. Ilikuja wazi miaka ya 1920, kila mashine ilipopata mota yake na sakafu ikapangwa upya. Zile sahihi nne ni mikanda ya zamani.

Kuhusu ajira, semeni ukweli mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia anayeachishwa kwa kukosekana kazi. Kama hampunguzi watu, tamkeni saa zilizookolewa zitatumika wapi.

Mkutano ulipokwisha nilimwomba mkurugenzi tushuke. Alivuta kiti, akaketi kando ya dawati. "Nionyeshe vile unafanyaga." Binti alinitazama kwanza, kisha akaweka simu juu ya meza na kuanza kufuta nambari ya kitambulisho.