Kompaila: jina lililobaki na kazi iliyohama

Kompaila ni programu inayosoma programu nyingine, iliyoandikwa kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma bila taabu, na kutoa programu ya tatu yenye maana ileile katika amri za tarakimu ambazo mashine huzitekeleza moja kwa moja. Hufanya kazi kama mfasiri wa kitabu, si kama mkalimani: humaliza kwanza kutafsiri matini yote, na programu iliyopatikana huweza kutumika mara elfu bila mfasiri kuitwa tena. Wapo wanaoiita kwa Kiswahili kikusanyaji, na wapo wanaolicheka jina hilo kwa hoja kwamba chombo hiki hutafsiri tu, hakikusanyi chochote. Kwa kazi ya leo wanaocheka wana haki, lakini kwa historia ya neno lenyewe hawana.

Mwaka 1951 na 1952, huko Philadelphia nchini Marekani, Grace Hopper alitengeneza programu iliyoitwa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC. Wakati huo waandishi wa programu walikuwa na vipande vilivyokwisha kujaribiwa, kwa mfano cha kutafuta kipeuo cha pili au sini ya pembe, na kila walipokihitaji kimoja walikinakili kwa mkono, wakibadilisha anwani za kumbukumbu ili kikae mahali papya. Kunakili huko kulizaa makosa mengi. Hopper aliviweka vipande hivyo kwenye utepe wa sumaku, akakipa kila kimoja namba yake, na A-0 ikawa inasoma orodha ya namba, inavifuata vipande kwenye utepe, inarekebisha anwani na kuviunga viwe programu moja. Hiyo ni kazi ya kukusanya hasa, na ndiyo iliyolizaa jina, kwani kwa Kiingereza compile ni kukusanya.

Kutafsiri fomula kulikuwa jambo jingine. Mwaka huohuo wa 1952 Alick Glennie alikuwa na jaribio lake Manchester, Uingereza, na mwaka 1954 Laning na Zierler wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walikuwa na mfumo uliopokea maandishi ya aljebra, lakini programu zilizotokana nao zilikwenda polepole takriban mara kumi kuliko zile zilizoandikwa kwa mkono. Kwa mashine za zamani uzito kama huo ungeweza kusitirika, kwa sababu hesabu za nukta inayoelea, yaani za namba zenye desimali, zilifanywa kwa programu, nazo zilimeza muda mwingi kiasi kwamba uzembe mwingine haukuonekana. Kompyuta ya IBM 704 iliondoa sitara hiyo, kwani ilifanya hesabu hizo kwa vifaa vyake yenyewe. Tangu hapo kila amri isiyo ya lazima ilionekana, na wataalamu wengi waliamini kwamba hakuna programu itakayoandika amri kwa ustadi wa mtu.

John Backus wa kampuni ya kompyuta ya IBM, New York, ndiye aliyeichukua hoja hiyo kwa uzito wake. Alipendekeza mradi wa FORTRAN, lugha ya kuandikia fomula pamoja na kompaila yake, mwishoni mwa mwaka 1953, na kikundi chake kikawa kinajibu kila kilipoulizwa kwamba kazi itakwisha baada ya miezi sita. Haikukwisha hadi Aprili 1957, na ilichukua jumla ya takriban miaka 18 ya kazi ya mtu mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa na shughuli nyingi mchana, walikodi vyumba katika hoteli ya jirani walale kidogo, kisha wakakesha nayo usiku.

Tatizo moja walilolitatua linaonekana dogo mpaka mtu ajaribu kulitatua mwenyewe. Katika fomula A+B*C, mashine itajuaje kwamba kuzidisha kunatangulia kujumlisha? Kwa umbo lake rahisi, njia yao ilikuwa hii: kila alama ya kujumlisha ibadilishwe iwe ))+((, kila alama ya kuzidisha iwe )*(, kisha mabano mawili yaongezwe mwanzoni na mawili mwishoni. Fomula yetu inageuka kuwa ((A))+((B)*(C)), na B na C zimejikuta ndani ya mabano yao bila mashine kufahamu lolote kuhusu kanuni za hesabu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika kompaila ile, ingawa si kilichokuwa kigumu zaidi.

Kigumu zaidi kilikuwa kugawa rejesta, yaani vihifadhi vichache vya namba vilivyo ndani ya mashine yenyewe. IBM 704 ilikuwa na rejesta tatu tu za faharasa, zinazotumika kupita katika safu za namba, na programu yenye vitanzi (amri zinazorudiwarudiwa) vilivyo ndani ya vitanzi huzigombania. Lois Haibt aliandika sehemu iliyokisia ni njia zipi za programu zitakazopitwa mara nyingi, kwa kuigiza mwendo wake na kuchagua kila njia panda kwa bahati nasibu, kama mtu anayerusha shilingi. Sheldon Best akautumia ukadiriaji huo kuzigawa rejesta. Backus alisimulia baadaye kwamba walipoangalia amri zilizotoka walidhani mara kadhaa kuwa kompaila imekosea, kisha wakagundua kwamba ilikuwa imeona njia fupi ambayo wao hawakuiona.

Wateja wa kwanza nje ya IBM walikuwa watafiti wa nishati ya nyuklia wa Westinghouse, karibu na Pittsburgh, waliopokea sanduku la kadi zilizotobolewa lisilo na maelezo yoyote. Walikisia ni kompaila waliyokuwa wakiisubiri, wakaipa programu yao, na mashine ikachapa kwamba mabano ya kufunga katika amri ya GO TO, inayoielekeza programu iruke kwenda mahali pengine, hayakufuatwa na mkato. Mkato kweli ulikosekana. Waliuweka, na programu ikafanya kazi.

Kwa mafanikio hayo neno kompaila likahamia kwa mfasiri. Kukusanya hakukutoweka: FORTRAN II ya mwaka 1958 iliruhusu vipande vya programu vitafsiriwe kila kimoja peke yake, na ilibidi pawe na programu nyingine ya kuvichukua, kurekebisha anwani zake na kuviunga pamoja kabla ya kuanza kazi. Ndiyo kazi iliyofanywa na A-0. Leo programu ya namna hiyo huitwa kiunganishi, na mara nyingi kompaila yenyewe huiita kimyakimya mwishoni, hata mtumiaji asijue kwamba zilikuwa mbili.