Kinyama Kilichotolewa Tumboni Kinaeleza Zaidi ya Jina la Ugonjwa

Ndugu wa mgonjwa aliyekatwa sehemu ya utumbo mpana kwa sababu ya saratani hawaulizi tena jina la ugonjwa, kwa kuwa hilo wamekwisha kuambiwa. Wanachouliza, tena mgonjwa akiwa ametoka nje kidogo, ni kama utarudi. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kinyama chenyewe kilichopelekwa maabara.

Sisi tunaokikagua huko maabara, tunachotazama kwanza si protini za seli, bali kina ambacho uvimbe umefikia katika ukuta wa utumbo, na kama seli zake zimeingia katika tezi za limfu, ambazo inatupasa kukagua zisizopungua 12. Cuthbert Dukes alipanga hatua za ugonjwa huu kwa msingi huo huko London mwaka 1932, na hakuna kiashiria kilichokwisha kuuondoa mahali pake. Hata hivyo, wagonjwa wawili wa hatua ya pili, yaani uvimbe umepenya ukuta lakini haujafika kwenye tezi, hawaishii mahali pamoja: mmoja hupona kwa upasuaji peke yake, na mwingine ugonjwa huibuka tena kwenye ini baada ya muda.

Protini zenye uzito kuliko zote katika kuwatofautisha ni nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na protini hizi hupita nyuma zikisahihisha makosa ya unakili. Ili kuzitafuta, kinyama kilichogandishwa ndani ya nta hukatwa utando mwembamba wa maikroni nne hivi, ukalazwa juu ya kioo, kisha hutiwa kingamwili inayoshika protini moja tu na rangi inayofichua iliposhika. Chini ya hadubini, kiini cha seli yenye protini huonekana cha kahawia, na kisicho nayo hubaki cha buluu. Katika tafiti za Ulaya na Marekani, saratani zipatazo 15 kati ya 100 za utumbo mpana hukosa usahihishaji huo.

Katika hatua ya pili upungufu huo, ingawa ni kasoro, kwa kawaida ni habari njema: uwezekano wa ugonjwa kurudi hupungua, na dawa ya kuua seli za saratani iitwayo fluorourasili ikitolewa peke yake haimwongezei mgonjwa faida, kwa hiyo anaweza kuepushwa na miezi ya kichefuchefu isiyo na sababu. Ugonjwa ukiwa umesambaa mambo hugeuka, lakini kipimo hichohicho huonyesha nani atanufaika na dawa za kuamsha kinga ya mwili, mfano pembrolizumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa uvimbe wa aina hii mwaka 2017. Bei yake bado ni mzigo mzito kwa familia zetu, nami naona ni dhuluma ya maradhi juu ya maradhi.

Sababu ya ahueni hiyo ni kwamba makosa yaliyolundikana huzalisha protini ngeni, na askari wa mwili huzitambua. Ndiyo maana Jérôme Galon na wenzake nchini Ufaransa walipohesabu seli za kinga zenye alama za CD3 na CD8 ndani na kando ya uvimbe, katika kazi waliyoitoa mwaka 2006, waliona kuwa penye wingi wa seli hizo wagonjwa huishi muda mrefu zaidi. Ki-67, protini inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika, na p53, protini inayozuia seli zenye kasoro zisiongezeke, hutajwa pia katika majibu, lakini singemshauri daktari aamue tiba ya ugonjwa huu kwa hizo.

Vipimo hivi vyote huweza kuharibikia chumba cha upasuaji kabla ya kufika maabara. Akina mama wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Kigoma, hawaachi dagaa kwenye ndoo hadi kesho. Huwaanika asubuhi ileile, kwa sababu wanajua kinachotokea. Utumbo nao huanza kuoza mara tu unapokatiwa damu. Upasuliwe kwa urefu, uzamishwe katika fomalini ya asilimia 10 isiyopungua mara kumi ya ujazo wake, ndipo usafirishwe, kwani kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nimewahi kupokea kinyama kikavu ndani ya glavu: hata seli nzima za jirani, ambazo zilipasa kuwa za kahawia, hazikushika rangi, na kipimo kikawa batili.

Protini ikikosekana, huenda ni kasoro ya kurithi, ingawa MLH1 mara nyingi huzimika yenyewe uzeeni na huhitaji kipimo cha ziada. Hivyo daktari akikuuliza habari za ukoo, usijibu kwa mkato. Shangazi aliyefariki Kasulu kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 42, au kaka anayetoa damu chooni na kuambiwa ni bawasiri tu, watajwe wote pamoja na umri wao.